Somo la Pamba Ndani ya Behewa

Mwalimu wetu wa shule ya misheni pale Kamina, zamani za Wabelgiji, aliamini kwamba kitu usichokiona kwa macho yako hukijui. Kwa hiyo tulipofika kwenye somo la pamba, alimwomba ruhusa shefu wa stesheni, Mzungu, akatupeleka kuiona pamba iliyotoka Kabongo ikiwa safarini. Tuliingia ndani ya behewa, tukajipenyeza nyuma ya marobota mpaka ukutani. Alikuwa bado anaeleza habari za nyuzi mlango uliposukumwa, giza likatufunika. Hatukupiga kelele. Tulidhani giza ni sehemu ya somo.

Kisha nikasikia mluzi wa wimbo wa kanisani, ukikosewa mahali palepale unapokosewa nyumbani kila Jumapili. Baba yangu. Kazi yake ilikuwa kufunga mabehewa yaliyojaa na kuyatia plomu, ule muhuri mdogo wa risasi ambao haukatwi ila kwa amri ya shefu. Hakuna aliyemwambia habari zetu.

Niligonga ukuta.

"Nani iko mule?"

"Ni miye, baba!"

"Miye nani?"

"Mutoto wako!"

"Mwizi weye! Mutoto wangu iko ku masomo."

"Baba, leo masomo iko hapa!"

Mwalimu akatoa sauti yake ya ubaoni: "Papa, fungua, tafazali. Shefu anajua."

"Mwalimu? Plomu nilishatia. Nikiikata bila shefu, bananifukuza. Na nyumba ni ya kazi."

"Basi umwite."

"Analala."

Kumwamsha Mzungu katika usingizi wake wa mchana kulikuwa kosa jingine, pengine kubwa kuliko la kwanza. Wakati huohuo kichwa cha treni kilirudi nyuma kikatugonga, marobota yakatusogelea. Watoto wa kambi ya reli tulijua: baada ya kishindo hicho huja filimbi, na baada ya filimbi ni safari mpaka Bukama. Nilitaka afungue. Nilitaka pia tubaki na nyumba. Sikupata maneno ya kuomba vyote viwili.

Tukasikia koleo likikata.

Mlango ulipofunguka, baba hakunitazama. Aliokota vipande vya risasi, akaenda kukaa kwenye ngazi za shefu, akingoja aamke. Nyumba walituachia. Koleo walimnyang'anya, wakampeleka kupakua makaa.

Jumatatu alivaa koti lake la misa, akaja shuleni.

"Mwalimu, mutoto nilimuleta ku masomo. Akae ku masomo."

Nani angembishia? Wenzangu walipopelekwa Bukama kuuona mto Lualaba, mimi niliachwa darasani, mlango umefungwa kwa ufunguo nisije nikawafuata, nikauchora mto kutoka kwenye ramani ya ukutani. Nilipewa alama zote. Wao walirudi wameungua kwa jua, wakibishana kama maji yale ni ya kijani au ya udongo.

Niliwahakikishia kwamba ni ya buluu.