Kidonge cha Kupunguza Miguu

Aibu hii ni yangu, basi wacha niisimulie mwenyewe kabla shemeji zangu hawajaiongezea chumvi.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, nami nilikuwa dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, katika hospitali ya misheni huko Bukoba. Ndipo vilipoletwa vidonge vyeupe vya kuwakojoza waliojaa maji mwilini, na jamani, nilistaajabu! Mama mmoja aliletwa kwa machela, miguu imevimba hata ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, na siku ya nne anatembea. Daktari alinieleza kwamba figo huchuja damu usiku na mchana, ikirudisha chumvi mwilini, na maji huifuata chumvi. Kidonge huizuia figo isiirudishe, basi chumvi inatoka na maji nyuma yake. Na figo yenyewe haizidi ngumi! Nilimsifu Mungu palepale wodini.

Sasa, siku ya kwenda Nshamba kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Generoza, niliazima viatu vya kaka, vikakataa kuingia. Mwenye akili angekwenda peku (wengi walikwenda hivyo). Mimi, msomi, nikachukua vidonge viwili vya wodini nikameza ili miguu ipungue, nikasahau kwamba miguu yangu haikuvimba, ni mikubwa tu.

Kemondo nikasimamisha basi, Muleba nikalisimamisha tena, utingo akaniuliza kama nimekunywa ziwa zima.

Ukweni tulikaa kwenye nyasi zilizotandikwa, tukatafuna buni za kahawa, kama desturi ya Wahaya. Pale kijana anayeposa hainuki wazee wakizungumza. Akiinuka, ameidharau nyumba. Niliinuka mara tatu. Mara ya tatu mshenga wangu alinishika kanzu, nikamponyoka mbio hadi migombani, na niliporudi misuli ikabana, kichwa kikazunguka, nikaanguka chali mbele ya mama mkwe (ambaye hata kumtazama sikuruhusiwa). Chumba cha pili nilimsikia Generoza analia, nikajua nimempoteza.

“Huyu ni mgonjwa au ametudharau?” baba yake akauliza.

Nikaungama yote, viatu na vidonge, nikiwa bado chini.

Mzee akashangaa, “Waitu! Vidonge viwili tu vinachota maji yote hayo?” Akapandisha kanzu yake. Miguu ilikuwa minene kama migomba. Kumbe mwaka mzima aliificha, akiikataa hospitali. “Nipe na mimi.”

“Hapana, Tata,” nikasema, nikimwita baba, “kwanza Daktari akupime. Mmeona vilivyonifanya.”

Daktari alinigombeza wiki nzima, maana kidonge kile hutoa pia chumvi nyingine inayotia misuli nguvu, na hata moyo ungeweza kuyumba. Akaniandikia ndizi zirudishe chumvi hiyo (kumwandikia Mhaya ndizi, chakula chake cha kila siku!). Mzee naye akalazwa wodini kwangu, na kazi ya kumpimia mkojo kikombe kwa kikombe ikawa yangu mimi mkwe wake, sote tukitazama ukutani. Siku ya sita akasimama bila fimbo, akaniita mwanangu, na Generoza nikampata.

Tangu hapo sijameza dawa nisiyoandikiwa, hata ya kichwa, kwa kuwa nimeona kidonge kilekile kikimwangusha kijana na kumsimamisha mzee.