Diski ya Majigambo ya Baba

Kila nilipokwenda Muleba kumsalimia mama, kabla sijavua viatu nilipokewa na sifa za wifi yangu. Wifi ni mke wa kaka yangu, anakaa Nyanga, na ana mtindo wa kurekodi kila sherehe ya ukoo kwa simu, kisha anaichoma kwenye DVD na kumpelekea mama. Mama hataki video za kwenye simu. Anasema watu wanakuwa wadogo kama inzi. Anachotaka ni deki yake, televisheni yake na jirani wa kuangalia naye. Mgeni akifika anapewa kahawa ya kutafuna, diski inawekwa, na kabla picha haijatokea mama anatangaza, "Hii kaniletea mkwe wangu."

Mimi, binti aliyemzaa mwenyewe, nilikuwa napeleka sukari na sabuni. Sijaona mgeni akionyeshwa sabuni.

Nilikuwa na wivu, na sikuona sababu ya kuuita jina jingine. Ulifika mahali nikimtazama wifi akimenya ndizi naona anajidai. Ila nilikuwa na kitu kimoja ambacho yeye hakuwa nacho. Siku ya ubatizo wa mtoto wangu wa kwanza, pale nyumbani Muleba, marehemu baba alisimama mbele ya wageni na mkuki mkononi akajigamba, kama wanaume wa Kihaya wanavyojigamba kwenye sherehe. Nilimrekodi mimi, wifi akiwa bado hajaolewa kwetu. Nikasema hiyo ndiyo diski itakayomfanya mama atangaze jina langu.

Kompyuta yangu inatumia Linux. Fundi mmoja wa mjini aliniwekea baada ya virusi kunimalizia kila kitu, na kwa kazi zangu za kuandaa mitihani sijawahi kuijutia. Haina sehemu ya diski, kwa hiyo nilinunua mashine ya nje ya kuchomea DVD, ile bapa ya kuunganisha kwa waya wa USB. Nikaiunganisha sebuleni kwangu Hamugembe. Taa ikawaka, ikakohoa kidogo, ikazima. Programu ya kuchomea ikaniambia hakuna kifaa. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiuliza kompyuta inaona nini. Inaona kipanya, inaona flashi. Mashine haioni. Nikachomoa, nikachomeka tena, ikaonekana. Nikapiga kelele za furaha, nikauliza mara ya pili kuhakikisha, imeshatoweka.

Nilisoma kila ushauri wa mtandaoni. Nilijiingiza kwenye kundi la watumiaji wenye ruhusa ya diski, nikawasha upya, nikafuta programu, nikaweka nyingine. Ikawa vilevile: inakohoa, inazima.

"Si umuulize wifi yako tu?" mume wangu akasema.

"Nitamuuliza siku migomba itakapozaa kahawa."

Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda Nyanga, eti kusalimia.

"Waitu wifi, karibu! Leo umetukumbuka!" Alifurahi kwelikweli, na hilo nalo likaniudhi. Alipoingia jikoni nikasogea mezani kwake. Alikuwa na mashine kama yangu. Waya wake ulikuwa na vichwa viwili, na vyote viwili vilikuwa vimechomekwa kwenye kompyuta.

Wangu pia ulikuwa na vichwa viwili. Cha pili nilikuwa nimekiacha ndani ya plastiki yake, nimekifunga kwa mpira, nikijua ni cha akiba, cha kutumia siku cha kwanza kikifa. Kwetu kitu cha ziada kinatunzwa. Rimoti ya mama mpaka leo ina nailoni ya dukani. Kumbe kichwa cha pili ni cha kuongeza umeme. Tundu moja halikutosha kuizungusha ile mashine.

"Mbona hukai, wifi? Ndizi zinakaribia."

"Nimeacha maharage jikoni." Sikuwa na maharage wala moto.

Nyumbani nilichana ile plastiki, nikachomeka vichwa vyote. Taa ikawaka na ikabaki imewaka. Kompyuta ikaitaja mashine, nikauliza tena, bado ipo. Nilichoma diski ya baba, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito, na jina langu nikaliandika kubwa kuliko la baba.

Muleba nilimkuta mama na jirani yake. Nikaweka diski mwenyewe. Baba akatokea, kanzu nyeupe, mkuki juu. Mimi niliyefyeka pori likawa kibanja! Mimi ambaye migomba yangu inainamia njia! Mimi niliyesomesha binti! Jirani akapiga vigelegele. Nikamtazama mama, nikingoja.

"Rudisha nyuma," akasema.

Nikarudisha, moyo umejaa. Akaangalia, akasema nirudishe tena. Kisha akanyoosha kidole. "Simamisha hapo. Huo mkono ni wa nani?"

Pembeni ya baba kulikuwa na mkono ulioshika sinia la ndizi. Ulikuwa umepita mbele yake, na simu yangu ikakimbilia upande wa pili kuukwepa.

"Ni wako, mama."

"Ni wangu," akasema. "Na ile migomba niliipanda mimi."

Hakusema kwa hasira. Alitoa diski, akaifuta kwa kanga, akaniambia nimefanya vizuri, akaiweka kabatini. Kisha akaweka ya wifi, ya sikukuu ya mavuno, kanisani. Mama alikuwa mstari wa mbele wa kwaya ya akina mama, anaimba, anacheza, kitambaa cha kichwa kimelegea. Mtu aliyeshika simu alisogea, akasogea tena, mpaka uso wa mama ukajaa televisheni nzima, jasho puani, meno yote nje.

"Unaniona?" mama akamuuliza jirani. "Hii kaniletea mkwe wangu."

Nilikaa pale nikamwonea wifi wivu kuliko siku zote, maana sasa nilijua anachonizidi.