Omena za Upande wa Pili wa Ukuta

Asubuhi ya leo jirani yangu mpya hapa Kawangware amekaanga omena, yaani dagaa wa ziwani, kwenye korido, na harufu imepita chini ya mlango wangu kabla sijatoka kitandani. Wapo wapangaji hapa wanaoziba pua na kusonya. Mimi niliketi, nikaivuta harufu ile mpaka kifuani, nikajikuta nimerudi Gatwekera, mtaa wa mabanda nilikokulia, msichana wa darasa la tatu mwenye kikohozi kisichoisha. Mnivumilie nikianzia mbali kidogo. Habari yenyewe inahusu chakula, na habari za chakula siwezi kuzikimbiza.

Tulikaa katika chumba kimoja cha udongo na mabati, mama, mimi na mdogo wangu Kyalo. Wazazi wangu walitoka Kitui. Baba alikuwa seremala kwenye karakana moja karibu na steji ya 56, huku Kawangware, na nyumbani alikuja wikendi. Upande wa pili wa ukuta aliishi Mama Akinyi, mjane kutoka kule ziwani, aliyeparua na kukaanga samaki, hasa omena, na kwenda kuziuza kwenye steji ya Olympic jioni watu wakitoka kazini. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa fito na udongo. Upande wetu mama aliufunika kwa shuka la maua ili chumba kipendeze.

Mama hakupenda omena. Alidai harufu yake imeingia kwenye uji, kwenye sare zetu za shule, hata kwenye Biblia. Siku moja nilikohoa hadi nikatapika, naye akatoka na kumwambia Mama Akinyi, ploti nzima ikisikia, kwamba moshi wake utaniua. Mama Akinyi alimtazama tu, akageuza omena zake. Tangu hapo hawakusalimiana. Lakini kesho yake Mama Akinyi alitoa jiko nje, akaliweka kando ya mtaro, na akawa anakaangia huko, jua liwake au mvua inyeshe, mwavuli mkono huu na mwiko mkono ule.

"Sasa anataka watu wote waone tumemfukuza kwa nyumba yake," mama alisema. Niliamini hivyo, kwa kuwa mama ndiye aliyesema.

Kisha ukaja ule uchaguzi ulioharibika. Sitausimulia wote, waliokuwepo wanaujua. Mimi nakumbuka kwamba barabara zilifungwa, Baba akakwama Kawangware, na mchana mmoja vijana wakaanza kupita kwenye vichochoro wakiuliza nani anatoka wapi. Sisi tulitoka Kitui, na jibu hilo lilikuwa baya kwa siku ile. Mama alifunga komeo, akasukuma meza mlangoni, akatuketisha kitandani na kutuambia tusikohoe. Alisema "msikohoe" huku akinitazama mimi, na papo hapo koo likaanza kuniwasha.

Ndipo nikaona maua ya shuka yakibadilika rangi. Doa la maji lilikuwa likipanuka ukutani, na chumba kikaanza kunukia udongo uliolowa. Nikamvuta mama mkono. Ncha ya kisu ikatokeza chini ya shuka. Mama alitukumbatia sote wawili akaanza kuomba kwa Kikamba, midomo ikienda bila sauti. Nilijua tumekwisha, kwamba vijana wale wameamua kupitia ukutani. Donge la udongo likaanguka kitandani, likafuata jingine, kisha mkono wenye magamba ya samaki ukasogeza shuka.

"Mama Mwende," sauti ikanong'ona, ikimwita mama kwa jina langu. "Leta watoto. Haraka."

Mama Akinyi alikuwa ameumwagia ukuta maji ili ulainike, asije akagonga watu wakasikia, halafu akaukata polepole kwa kisu chake cha kuparua samaki. Kyalo alipita kwanza, mimi nikafuata. Mama yangu, Mungu ambariki, hakuwa mwembamba. Alikwama kiunoni, nusu yake kwake na nusu kwa jirani. Mama Akinyi akamshika mikono akavuta, akavunja fito nyingine, akavuta tena. Wanawake hao ambao kwa miezi mingi hawakuwa wamesemezana walijikuta uso kwa uso, na ghafla wakaanza kucheka. Walicheka kimyakimya, machozi yakiwatoka, hadi mama akachomoka na kuangukia kwenye zulia la mwenzake. Baadaye mama alisema hajawahi kuogopa maishani mwake kama dakika zile alizokuwa akicheka.

Shuka likarudi mahali pake nyuma yetu. Mama Akinyi akaburuta gunia la omena mpaka kwenye tundu, akamsukumia mama chini ya kitanda nyuma ya mabeseni, na sisi akatuketisha pamoja na binti yake Akinyi mbele ya sinia la ugali.

"Kuleni," alisema.

Upande wa pili tulisikia mlango wetu ukivunjwa na sufuria za mama zikitupwa huku na huku. Nikatia omena kinywani kwa mara ya kwanza. Niseme ukweli, zilikuwa tamu. Niliona vibaya kuzifurahia mama akiwa chini ya kitanda.

Mlango wa Mama Akinyi ukasukumwa. Aliyeingia alikuwa Oti, na rungu mkononi. Oti alikuwa kijana aliyefiwa na mama yake akiwa mdogo, na alizoea kula kwa Mama Akinyi kila alipokosa chakula. Mimi na Kyalo alitujua vizuri, kwani alikuwa akitutengenezea vigari vya waya. Wenzake walimngoja nje.

"Hawa watoto ni wa nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ni wangu," Mama Akinyi alijibu. "Na wewe ni wangu. Weka hiyo kitu chini, nawa mikono, ukule."

Wakati huohuo kikohozi changu kikanishinda. Ploti nzima ilikijua kikohozi kile. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka, huku Oti akinitazama. Mama Akinyi hakugeuka hata kidogo. Alinisogezea kikombe cha maji.

"Kunywa, nyathina," alisema, neno ambalo kwa Kijaluo ni mwanangu.

Oti aliegemeza rungu mlangoni. Akanawa, akachuchumaa kando yangu, akakata tonge. Alikula kidogo, akanawa tena, akatoka. Tulimsikia akiwaambia wenzake, "Hapa ni kwa mathe. Twendeni." Mathe ni mama, kwa lugha ya vijana wa mtaa. Nyayo zao zikapita, zikaenda.

Barabara zilipofunguliwa Baba alikuja kwa miguu kutoka Kawangware, akatukuta kwa Mama Akinyi. Alitengeneza mlango wetu. Alipoanza kukanda udongo wa kuziba tundu, mama alimwambia auache, na Baba, kwa kuwa ni fundi, akaweka pale kimlango cha mbao chenye bawaba. Kupitia kimlango kile zikawa zinapita chumvi, viberiti, muthokoi wa mama, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na omena za Mama Akinyi. Oti naye alirudi siku moja, akasimama nje akiona haya kuingia. Mama yangu ndiye aliyempelekea sahani.

Sasa tunaishi Kawangware, kwenye nyumba za mawe. Mwezi uliopita nilikwenda Gatwekera kumwona Mama Akinyi. Ameanza kuzeeka na bado anakaanga omena. Nilimshukuru tena kwa siku ile ya kisu, kama ninavyofanya kila ninapokwenda, naye akanikemea kama kawaida yake kwa kurudia jambo moja. Halafu nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza, kama lile jiko alilitoa nje kwa hasira.

"Hasira ya nini?" alisema. "Ukuta si ulikuwa ule wa fito? Nilikuwa nakusikia ukikohoa. Ningekaangia ndani aje?"

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Miaka yote nilidhani wema wake ulianza siku ya vurugu, kwa kisu na maji. Kumbe ulikuwa umeanza zamani, pale nje kando ya mtaro, nasi tulikuwa tukiusonya. Ukuta uliotuletea harufu yake ndio uliompelekea kikohozi changu, na yeye peke yake ndiye aliyesikiliza. Namshukuru kwa uhai wangu, lakini nadhani siku hizi namshukuru zaidi kwa jiko lile.

Nilimsimulia mama akiwa anachambua mboga. Mikono yake ikasimama. Akatazama mlangoni.

"Na ile mvua yote iliyomnyeshea," alisema.