Niliimba sauti ya Mzalendo na ya Mhuni kwenye igizo moja, baba akaulizwa mwanaye ni yupi

Wakuu, habari za majukumu. Humu nimekuwa msomaji wa kimya miaka mingi, leo mjukuu kanifungulia akaunti. Haya yalinipata mwenyewe, asiyeamini apite tu salama.

Miaka ya sabini nilikuwa Tunduma, kijana wa milima ya Ileje niliyekulia kwenye kwaya. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa.

Nikawa navuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, nikanogewa na bendi za rock. Magitaa ya umeme, suruali za bugaluu, nywele kama kichuguu.

Bendi yangu sikuwa nayo. Nilikuwa wa kuazimwa: mwimbaji wao akiumwa au akilewa, naitwa mimi. Siku hizi mnaita session vocalist. Ukimaliza kuimba unarudi zako, na bango lina jina la mwenzio.

Baba aliposikia akatuma ujumbe nisikanyage kwake mpaka nipate kazi ya maana. Iliniuma sana, sitaficha.

Baadaye kikundi cha maigizo cha upande wetu kikanichukua. Igizo lenyewe lilikuwa la ujamaa. Mzalendo analima na wenzake, Mhuni karudi kutoka ng'ambo ya mpaka, anawapotosha vijana kwa muziki.

Waigizaji walikuwa na sura, sauti hawana. Basi mimi nakaa nyuma ya turubai la lori naimba, wao huko mbele wanafunguafungua midomo.

Na wote wawili niliwaimbia mimi. Yaani najigombeza mwenyewe, najijibu mwenyewe.

Tukaambiwa tutaonyesha kijiji kimoja karibu na Vwawa, na tukifanya vizuri sauti ya Mzalendo itachukuliwa na kikundi cha mkoa, Mbeya. Kazi ya kudumu hiyo. Nikatuma watu wamwombe baba aje aone. Akaja na koti lake la ibada, akakalishwa mbele pamoja na wakubwa wa chama.

Mzalendo akaimba, watu wakapiga makofi ya heshima.

Mhuni akaimba, wakuu, kijiji kizima kikasimama. Akina mama vigelegele. Wakataka arudie. Mtu aliyeandikiwa kushindwa ndiye anashangiliwa, hata mimi nyuma ya turubai sikujua nifurahi au nikimbie.

Katibu wa chama akaja nyuma amefura. Akataka aliyemwimbia Mzalendo aende Mbeya, na aliyemwimbia Mhuni afukuzwe leo leo. Nikamwambia wote ni mimi. Akaona namfanyia mzaha. Kiongozi wetu wa kikundi, ambaye angenisaidia, akaanza kukagua viatu vyake.

Katibu akaamua ubishi umalizwe na mzee wa kanisa, mtu asiyesema uongo. Akamwita baba, akamuuliza mwanaye ni yupi kati ya wale wawili.

Nikamtolea baba macho. Sema Mzalendo, mzee. Neno moja tu.

Baba akavua kofia, akafikiri.

"Mwanangu ni yule mhuni," akasema. "Yule mwingine simfahamu."

Mbeya ikaishia pale pale.

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Baba akabeba mzigo wangu yeye mwenyewe, akasema twende nyumbani. Nikamfuata nyuma. Tulipoanza kupanda milima nikasikia anaimba kitu chini chini, nikatega sikio.

Ulikuwa wimbo wa Mhuni.

Basi nikabaki nyumbani nalima kahawa. Habari ya siku ile hakuigusa tena mpaka anafariki, na mimi niliogopa kuuliza. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile, na bado sielewi.

Nilichojifunza ni kwamba ukitaka mtu akutambue, usimchagulie upande wa kukutambulia. Hapo nimeelewa.

Lakini nyie mliolelewa na wazee wa aina hii, nisaidieni. Mzee alinikana mbele za watu, au ndiye mtu pekee aliyewahi kunisikia?

Maoni yote nitasoma, matusi wekeni pembeni.