Mkono wa Honora Tierney

Kule Roxbury, mjini Boston, kila Alhamisi jioni majirani walikutana shuleni kwa watoto wao, wakajibana kwenye viti vya watoto, magoti yakigonga meza. Aliyewaita ni Bi Althea Wardwell, mwanamke wa falsafa aliyeandika vitabu vizito kuhusu demokrasia, na ambaye hata hivyo hakuona haya kuchochea mwenyewe makaa ya jiko la darasani. Sharti lake lilikuwa moja tu: hapa hapigi mtu kura.

"Kura ni kuhesabu vichwa," alikuwa akisema. "Mimi vichwa vyenu nataka vitumike. Lete lako, naye alete lake, tubishane mpaka lipatikane jambo ambalo hakuna aliyeingia nalo mlangoni."

Mwanzoni watu walimcheka. Wanaume wa mtaa ule kura zao zilizoea kununuliwa kwa bia, na wanawake hawakuwa nazo kabisa. Lakini Honora Tierney, Mwailandi, mpiga pasi wa kola za mashati, alimwelewa haraka, maana kubishana alikuwa hajambo. Hata padri alimkwepa.

Kisha theluji ikayeyuka, shimo la msingi wa nyumba iliyoungua nyuma ya kwao likajaa maji, na Nellie, mwanawe wa pekee, wa miaka saba, akatumbukia humo akafa.

Tangu hapo Honora akawa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, lakini hausikii kitu. Alikuwa akipiga pasi, akila viazi, akienda misani. Hata Alhamisi alikwenda, kwa kuwa miguu ilishazoea njia.

Majirani walibishana juu ya lile shimo hadi mwisho wa masika. Waailandi walitaka uzio. Assunta, Mwitalia wa ghorofa ya chini, alitaka ardhi ya kupanda nyanya. Bwana Feinzig, Myahudi mchora vibao vya maduka, alitaka uwanja wa kuchezea, maana wanawe walikuwa wakimvunjia vyombo. Mwishowe wakapata jibu: kila nyumba imwage humo majivu ya jiko lake mpaka shimo lijae, juu watie udongo, nyanya ziote ukutani, watoto wacheze katikati. Hakuna aliyeshindwa. Bi Althea akatambua kuwa hilo ndilo alilokuwa akilihubiri, na uso wake ukang'aa.

"Na pale tupaite 'kwa Nellie'," Assunta akasema.

"Kibao nachora mimi, bure," akadakia Feinzig.

Wote wakamgeukia Honora. "Au siyo, shoga?" Assunta akasema.

"Sawa tu," akajibu. Ndivyo alivyomjibu hata muuza majeneza.

Hapo ndipo sharti zuri la Bi Althea lilipochechemea. Watu walioapa kutohesabu vichwa walimhesabu aliyenyamaza kuwa amekubali, wakaenda zao wameridhika.

Alhamisi iliyofuata Feinzig alileta kibao, herufi za buluu, nzuri kweli. Assunta akacheka: "Mie nishaanza kupaita hivyo kwa huyu mwanangu. Nimemwambia, ukichelewa kurudi kutoka kwa Nellie, utanikoma!"

Honora akanyoosha mkono.

"Aa, mama, umesahau?" Feinzig akamtania. "Hapa hatunyooshi mikono."

Mkono haukushuka.

"Mwacheni," Bi Althea akasema. "Honora, hukubali?"

"Sikubali."

"Wiki iliyopita ulisema sawa."

"Nilisema. Hamkuniuliza, mlinigeukia tu."

Bi Althea akaona aibu, na aibu hiyo ilimstahili. Akavuta kiti akaketi karibu naye. "Basi leo nakuuliza. Kwa nini hutaki?"

"Dirisha langu linatazama pale. Kila jioni mtakuwa mnaita: rudini kutoka kwa Nellie, nani yuko kwa Nellie." Sauti ya Honora ilikuwa kavu, kama anasoma bei za sokoni. "Siku ile nilimwita hapo dirishani, chakula tayari. Kimya. Nikadhani anajifanya hasikii. Nikamwita tena, nikamtukana, nikafunga dirisha. Kumbe yumo majini."

Assunta akaziba mdomo kwa aproni. Feinzig akakigeuzia kibao ukutani.

"Basi pale tupaiteje?" Bi Althea akauliza taratibu.

"Mtakavyo. Jina hilo niachieni. Mara ya mwisho nililitaja kwa matusi. Nataka kulitaja vizuri mimi kwanza, kabla yenu, na siwezi. Nikiwa peke yangu nyumbani halitoki."

"Sisi tupo," Assunta akasema. "Hatuendi popote."

Hakuna aliyeondoka. Makaa yakafifia, na hata Bi Althea hakuinuka kuyachochea. Honora alifungua mdomo akaufumba, akaufungua tena. Kisha, mbele ya majirani zake wote, akaita, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aje ale:

"Nellie!"