Vikombe vya Bakteria na Supu Yangu ya Pweza

Jamani, leo nimeletewa vikombe vya plastiki iliyotengenezwa na bakteria, eti niwatilie wateja supu!

Kijana mmoja wa bara, shati limepigwa pasi, ananiambia hii plastiki haiyeyuki kwa supu ya moto, na ukiitupa inaoza yenyewe.

Nikamuuliza, "Sasa itajuaje kama nimeitupa au bado nakunywa?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Wateja wananitazama, sufuria imejaa. Wakinikimbia leo, supu yote nitainywa na nani?

Nikamimina supu ya pweza inachemka. Tukangoja kikombe kilegee.

Wapi! Kimesimama tu.

Mama Mwanasha, mteja wangu wa kila siku, bado hakuridhika. "Haya mwanangu, kunywa wewe kwanza tukuone."

Kijana akachungulia ndani, akaona mkono wa pweza unaelea. Jasho likamtoka.

"Samahani mama, huyo mnyama mimi namuogopa."

Yaani bakteria haogopi, anaogopa pweza! 😂

Basi supu nimeuza kwa bakuli zangu za kawaida, imeisha yote. Kijana nimemwambia arudi siku atakayoweza kumla pweza. Siku hiyo na mimi nitanywea kikombe chake.

Semeni kweli, hapo nani muoga zaidi?