Otilia Baciu na Ardhi Isiyotulia

Mji wa Regina, makao makuu ya jimbo kwenye nyika za Kanada, haukupaswa kuwepo. Hakuna kilima, hakuna mto wa kujivunia, na miti karibu yote ilipandwa kwa mikono ya watu. Wakri, wenyeji wa nyika hiyo, walipaita Lundo la Mifupa, kwa ajili ya nyati waliochinjwa hapo. Kisha akaja gavana aliyekuwa na viwanja kando ya reli, akatafakari kwa uadilifu mkubwa, akaona makao makuu yakae papo hapo, jirani na viwanja vyake. Kama mji mkuu wenu ulipatikana kwa njia safi zaidi, hongereni.

Otilia Baciu alizaliwa juu ya udongo huo na hakuwahi kuuomba radhi. Ni udongo mweusi wa mfinyanzi: ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka, na nyumba hupanda na kushuka kama kifua cha mlevi aliyelala. Ndiyo maana chumbani chini, chini ya sakafu ya jikoni, kuna nguzo za chuma zenye skrubu kichwani. Nyumba ikibonyea, unainua, ikivimba, unashusha. Baba yake, Mromania wa karakana ya reli, alimfundisha akiwa na miaka tisa: robo mzunguko, kisha subiri wiki nzima. Nyumba hubembelezwa, haiburutwi.

Alipiga deki jengo la bunge miaka thelathini na moja. Vyama viliingia na kutoka, tope likabaki lilelile. Alimzika mumewe, akamsomesha mwanawe Kornel, naye Kornel akahamia Calgary na kuanza kuwaonea huruma waliobaki.

Akiwa na miaka sabini na nane, Otilia alivunjika nyonga. Kitandani hospitalini, kichwa kikiwa kizito kwa dawa, alimwahidi Kornel: akitokea mtu anayeitaka nyumba yangu, nitatia sahihi na kuondoka. Mwishoni mwa Agosti Kornel akaja, na mnunuzi njiani.

"Mama, yai linabiringika lenyewe jikoni!"

"Liache libiringike. Litafika wapi?"

Kornel akachukua spana, akashuka chini. Alirudi akijifuta jasho, ametosheka kama aliyekomboa taifa.

"Umezungusha kiasi gani?" Otilia akauliza.

"Mizunguko mitatu, nguzo ya kati. Sasa sakafu imenyooka."

"Mitatu mizima? Kiangazi hiki? Weye!"

"Mama, mimi ni injinia."

"Wa nini?"

"Mabomba."

"Haya."

Mnunuzi, Bwana Prentice wa Vancouver, alifika na viatu visivyojua tope. Alisifu kila kitu bila kukitazama, kisha akaingia bafuni kuangalia mabomba na kufunga mlango. Papo hapo nyumba ikaguna. Ufa ukapanda ukutani juu ya jiko, taratibu, kama mtu anayeandika barua.

"Halo?" sauti ikatoka bafuni. "Mlango haufunguki!"

Kornel akaukimbilia kwa bega.

"Usiuguse!" Otilia akamkemea. "Ukiuvunja, na dari inashuka. Nenda chini, legeza robo. Robo, Kornel, si ubishi."

Yeye akavuta kiti, akaketi nje ya bafu na mkongojo wake.

"Mji gani huu," Prentice akalalamika, "hata ardhi haitulii!"

"Ardhi haikututaka tangu siku ya kwanza, bwana. Na sisi hatukuiomba ruhusa. Umekuta maji huko?"

"Yapo."

"Basi kunywa, utulie."

Ilichukua karibu saa nzima. Fremu ya mlango ilipolegea, Prentice alitoka mwekundu kama bitiruti iliyochemshwa. Kornel akaanza kuomba radhi, uso umemshuka. Biashara aliiona ikizama.

"Hakuna shida," Prentice akasema. "Bei naitoa ileile. Nyumba yenyewe siitaki, nitaibomoa mwezi ujao. Mimi nataka kiwanja."

Kornel akapumua. "Mama, umesikia? Uliahidi."

"Nimesikia vizuri kabisa. Niliahidi atakayeitaka nyumba. Bwana huyu amesema mwenyewe, mbele yako, haitaki." Akamfungulia Prentice mlango wa mbele. "Angalia ngazi. Leo imeinama kushoto."

Gari la Prentice lilipoondoka, Kornel alipiga meza ngumi.

"Huo ni ujanja, Mama! Na ukianguka tena humu, peke yako?"

"Nitaanguka kwangu. Na peke yangu kwa nini? Umezungusha mitatu. Hizo ni robo kumi na mbili. Moja umeirudisha, zimebaki kumi na moja, na kila robo inataka wiki yake. Kwa nyonga hii mimi sishuki chini."

"Unataka nije kila Jumamosi? Kutoka Calgary? Saa nane barabarani!"

"Nani kakuambia uwe injinia?"

Kornel alitazama ufa, akamtazama mama yake. Akachukua kalenda ya kanisa ukutani, akaanza kuzungushia Jumamosi duara, moja moja, akinung'unika. Alipofika ya kumi na moja ilikuwa Novemba.

"Theluji itakuwa imeanguka," akasema.

"Njoo na koti."